Jina Lililosomwa Redioni

Kila asubuhi, kabla ya kumpa Akwero uji, mama yake alimwuliza maswali matatu. Iwe siku ya shule au ya mapumziko, maswali yalikuwa yale yale.

"Jina lako nani?"

"Zaina."

"Baba yako anafanya kazi gani?"

"Fundi wa magari."

"Yuko wapi?"

"Jinja. Alikwenda kutafuta kazi."

Hapo ndipo kikombe cha uji kilipomfikia. Majibu yote matatu yalikuwa ya uongo, na Akwero aliyajua vizuri kuliko alivyojua kuzidisha kwa saba. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Mwaka ulikuwa 1975, na Kampala ilikuwa chini ya serikali ya kijeshi.

Zamani hawakuwa na haja ya uongo huo. Baba yake, Tarcisio Komakech, alikuwa askari polisi, Mwacholi kutoka kaskazini ya nchi, kabila ambalo serikali ile ililitilia shaka, mtu mrefu aliyependa kupiga mluzi huku akipaka viatu vyake rangi. Walikaa katika kambi ya polisi. Siku moja mwaka 1972, wanaume wawili wenye miwani myeusi walifika kituoni kwake mchana kweupe, wakasema wana maneno naye ya dakika tano tu. Akaingia garini mwao. Dakika tano hizo sasa zilikuwa zimefikia miaka mitatu.

Hakuna ofisi iliyokubali kuwa ilimwona. Mama, ambaye jina lake ni Santa, alipokwenda kuuliza mara ya pili, karani mmoja mwenye huruma alimnong'oneza kwamba mke anayeuliza sana, naye mwisho huulizwa. Mama alielewa. Walipoambiwa waondoke kambini, alifunga vitu vyao ndani ya mashuka mawili, akaenda kupanga chumba Kisenyi, mtaa wa magereji na maduka ya jumla, ambako watu ni wengi na kila mtu ana shughuli zake. Huko ndiko Akwero alikogeuzwa kuwa Zaina.

Mwenye nyumba alikuwa mjane mmoja Mwislamu aitwaye Maimunah Dawudi. Dawudi lilikuwa jina la marehemu mumewe. Alikuwa mnene, mwenye maneno mengi na moyo mweupe, na wapangaji wote walimwita Jaja, yaani bibi. Je, alijua kwamba Zaina hakuwa Zaina? Hakuuliza hata siku moja, na wakati ule kutouliza kulikuwa namna ya kumpenda jirani.

Mama aliuza uji kwa mafundi wa gereji. Kwao kaskazini uji hutiwa ukwaju, na mwanzoni ndivyo alivyofanya. Lakini fundi mmoja alikunywa, akatabasamu na kusema, "Mama Zaina, huu ni uji ya watu ya Kitgum." Kitgum ni mji wa Waacholi, naye alikuwa akiusifu tu. Mama alicheka naye, na kesho yake akaanza kutia ndimu. Ukwaju uliobaki aliuficha chini ya kitanda pamoja na picha ya baba.

Basi mwaka ule wa 1975 Akwero aligundua kwamba mama alikuwa na siri nyingine, na hii hakumfundisha jinsi ya kuijibu.

Aliigundua kwa sababu ya sabuni. Siku zile sabuni iliadimika mjini pamoja na sukari na chumvi, na kipande kimoja kilitakiwa kukaa mwezi mzima. Sasa kilikuwa kikiisha kwa wiki moja. Kisha akaona kwenye kamba, chini ya kanga iliyoanikwa wazi, vitambaa vimefichwa vikikauka. Akwero hakuwa mtoto mdogo. Mama alikwisha mweleza kwamba mwanamke aliyekomaa hutokwa na damu siku chache kila mwezi, na kwamba huo si ugonjwa wala si aibu. Lakini vitambaa vya mama vilikuwa kwenye kamba mwanzo wa mwezi, katikati na mwisho. Na wakati mwingine mama alisimama katikati ya kukoroga uji, akajishika kiunoni, akauma mdomo.

"Mama, unaumwa?"

"Nimechoka tu. Usimwambie mtu."

Akwero hakumwambia mtu. Alikuwa amefundishwa kutomwambia mtu, na alikuwa mwanafunzi hodari.

Aliyesema alikuwa Jaja Maimunah. Macho yake yalikuwa hayapitwi na kamba ya nguo. Jioni moja alimwita mama barazani kwake, na Akwero, aliyekuwa akichambua maharage karibu, alisikia kila neno.

"Mama Zaina, mimi nilikuwa na dada. Hadija. Damu ilimwanza hivi hivi, kidogo kidogo. Nikamwambia nenda hospitali, akasema ni uchovu. Mwaka mzima akasema ni uchovu. Alipokwenda, daktari akatuambia tumrudishe nyumbani tumpikie anachopenda." Jaja akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Alipenda ndizi za kuchoma. Tulimpikia wiki tatu. Nenda kesho, bambi, tafadhali."

Mama alikwenda, na alimchukua Akwero. Hospitali ilikuwa kilimani, yenye korido ndefu na mabenchi yaliyojaa wanawake. Mezani alikaa muuguzi aliyeitwa Alum, mwembamba, mwenye daftari kubwa mbele yake. Mama alikuwa amejipanga vizuri kabisa kusema jina lake la kweli. Lakini zamu yake ilipofika, mlango wa jirani ulifunguliwa na askari jeshi akatoka akichechemea, mguu umefungwa bendeji, akaja kukaa benchi la karibu. Mama alimtazama askari, akalitazama daftari. Majina yaliyoandikwa yalikuwa na mazoea ya kusafiri kutoka daftari moja hadi jingine.

"Jina lako, mama?" Alum aliuliza.

"Maimunah Dawudi."

Akwero alimgeukia kwa mshangao. Mama hakumtazama.

"Unakaa wapi?"

"Bukoto." Huko, mtaa mwingine wa mji, ndiko Jaja alikokaa zamani na mumewe. Mama alijua kwa sababu Jaja hakuchoka kusimulia habari za Bukoto.

"Damu imeanza lini?"

"Wiki iliyopita."

Huo nao ulikuwa uongo. Damu ilikuwa na miezi mitano. Lakini uongo ukishapata njia, huwa hauji peke yake.

Mama alipimwa. Alieleza baadaye kwamba walichukua kitu kidogo kutoka mlango wa kizazi, yaani sehemu ya chini ya tumbo la uzazi, kwa kijiti laini, wakakipaka kwenye kioo ili kikatazamwe kwa darubini. Haikuchukua hata muda wa kuchemsha chai. Akapewa kadi iliyoandikwa siku ya kurudi, wiki mbili mbele.

Wiki mbili ni muda mrefu kwa mtu mwenye hofu. Katika wiki ya kwanza damu ilikoma. Katika ya pili askari walizunguka mitaa miwili ya Kisenyi, wakawapakia watu kwenye lori, na kati ya waliopakiwa kulikuwa na yule fundi aliyeusifu uji. Hakurudi gereji. Asubuhi ya siku ya kwenda hospitali mama alikuwa amechuchumaa mbele ya moto wa uji. Alitoa kadi kifuani, akampa Akwero.

"Itie motoni."

"Lakini mama, leo ndiyo siku yenyewe. Imeandikwa."

"Damu imekoma. Nimepona. Na lile jina si letu, wakiligundua watatuuliza kwa nini. Itie motoni, mwanangu."

Akwero aliitia. Kadi ilijikunja, ikawaka, ikaisha, na uji ukaendelea kuchemka. Siku hiyo Jaja alipouliza majibu ya hospitali, mama alimwambia, "Wamesema si kitu. Ni uchovu." Jaja alimtazama sana, kisha akaingia ndani.

Damu ilirudi mwezi uliofuata, na safari hii ilikuja na maumivu. Mama alizidi kukonda. Gomesi lake, lile vazi refu la mabega yaliyochongoka, lilianza kumning'inia. Akwero alikaa darasani akiona kadi ikijikunja motoni badala ya kuona ubao. Mwalimu alimwita Zaina mara tatu kabla Akwero hajakumbuka kwamba ni yeye.

Jaja Maimunah alikuwa na redio, na kila jioni baada ya taarifa ya habari wapangaji walikusanyika barazani kusikiliza matangazo. Ndiyo yaliyokuwa barua ya kila mtu. Fulani amefariki, ndugu zake wafike kwa mazishi. Fulani amepata mtoto. Jioni moja jua lilikuwa halijatua bado. Mtangazaji alisoma vifo viwili, kisha akasema kwa sauti ile ile isiyo na haraka:

"Maimunah Dawudi, mkaaji wa Bukoto, anatakiwa kufika hospitalini, wodi ya akina mama, bila kukawia."

Mikono ya Jaja, iliyokuwa ikisuka ukili wa mkeka, ilisimama.

"Mimi?" akasema. "Mimi sijaenda hospitali tangu kitovu changu kizikwe."

Hakuna aliyecheka. Watu wazima walijua jambo ambalo hawakutaka kulisema mbele ya watoto. Siku zile kuitwa na ofisi ambayo hukuwahi kufika kulikuwa na maana moja tu. Mpangaji mmoja alikumbuka ghafla kwamba ana maji motoni. Mwingine akachukua kiti chake. Baada ya dakika chache tu, Jaja alibaki na redio yake, na Akwero, na mama.

"Wanajua mpaka Bukoto," Jaja alisema polepole. "Wanajua nilikokaa na Dawudi. Hiyo si hospitali, banange, jamani. Hospitali ingejuaje?" Akainuka, akaingia chumbani, na sauti ya sanduku likivutwa kutoka chini ya kitanda ikasikika. "Nitakwenda Mbale kwa mwanangu. Kesho alfajiri. Mama Zaina, nyumba nitakuachia wewe."

Akwero alimtazama mama. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, vidole vyake vikikunja na kukunjua pindo la kanga. Hakuinua macho. Akwero alielewa kwamba mama hatasema. Atamwacha bibi huyu mwema aikimbie nyumba yake kwa hofu ya bure, na hospitali itaita jina lile mpaka ichoke, kisha itanyamaza. Na mama atakufa. Neno hilo hakuwahi kujiambia kabla ya jioni ile. Lilimjia wazi, na likamtia hofu kuliko wanaume wa miwani myeusi.

Aliingia chumbani. Jaja alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku, akikunja shuka.

"Jaja, usiende Mbale. Wanaoitwa ni sisi."

"Nini?"

"Mama alisema jina lako hospitali. Kulikuwa na askari, akaogopa. Walimwambia arudi, hakurudi. Kadi niliichoma mimi." Akaanza kulia, lakini alikuwa amekata shauri, na maneno yalitoka yote. "Na mimi siitwi Zaina. Mimi ni Akwero. Baba alikuwa polisi. Walimchukua."

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Alimtazama binti yake kwa macho ambayo Akwero hakuyasahau maisha yake yote. Hayakuwa na hasira. Yalikuwa macho ya mtu aliyekuwa amebeba mzigo kichwani mwendo mrefu, na mtu mwingine akauondoa bila kumwuliza.

Jaja alikaa sakafuni, shuka mapajani.

"Ulilichukua jina langu," alimwambia mama.

"Nisamehe, Jaja."

"Ungeniomba ningekupa. Nina jina hili miaka hamsini na nane na halijafanya kazi yoyote ya maana." Kisha uso wake ukabadilika, akawa haongei tena kwa mzaha. "Lakini uliniambia ni uchovu. Uliniangalia machoni ukaniambia ni uchovu, na mimi nimekuhadithia habari za Hadija. Hilo ndilo lililoniuma."

Mama alikaa chini karibu naye, akaweka kichwa chake begani kwa Jaja, akalia. Alilia kwa sauti, kilio cha miaka mitatu. Akwero hakuwahi kumsikia mama akilia hata siku ile ambayo baba hakurudi, kwa sababu kambini kuta zilikuwa nyembamba na kumlilia mtu aliyechukuliwa kulikuwa kosa.

Kesho yake asubuhi walitoka wote watatu. Jaja alivaa gomesi lake la Idi na mtandio mweupe. Njiani palikuwa na kizuizi cha askari, mapipa mawili na mti uliolazwa juu yake. Askari kijana aliinua bunduki kidogo.

"Nyinyi nakwenda wapi?"

"Hospitali, afande," alijibu Jaja. "Mimi ndiye Maimunah Dawudi. Redio jana nasema nifike bila kukawia."

Askari alimtazama. "Ile ya redio? Mimi pia nasikia. Na hawa nani?"

"Huyu mtoto yangu. Huyu mjukuu. Nanishika mkono, mimi mzee."

"Kwenda, mama. Kwenda upesi."

Walipofika mbali, Jaja alishusha pumzi na kumwambia mama, "Umeona? Jina zuri hilo. Litunze."

Muuguzi Alum alipomwona mama alisimama. Alikuwa amemtuma mtu Bukoto mara mbili, nyumba kwa nyumba, na kote aliambiwa hakuna mtu kama huyo. Redio ilikuwa jaribio la mwisho. Aliwaingiza katika chumba kidogo na kufunga mlango.

"Majibu yako yamekaa hapa wiki sita," alisema. "Sasa niambie. Damu ilianza lini kwa kweli?"

Mama alisogea karibu na meza. "Sasa ni miezi saba. Na sista, jina langu si Maimunah. Mimi ni Santa."

Alum aliweka kalamu mezani. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kwa Kilango, lugha ambayo Waacholi huielewa: yeye pia alikuwa mtu wa kaskazini, na yeye pia alikuwa na kaka aliyeingia garini. Akarudi kwenye Kiswahili. "Kitabuni utabaki Maimunah. Sitagusa. Lakini jina ni kitu kimoja na mwili ni kitu kingine. Mwili haujui serikali gani iko madarakani, nao haungoji. Mimi ukinificha jina nitakutibu. Ukinificha damu ilianza lini, nitakutibu vibaya."

Daktari aliitwa Owuor, Mjaluo kutoka Kenya, mmoja wa wachache waliobaki wenzao walipoondoka nchini. Alisema wazi bila kuzungukazunguka. Mama alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Saratani ni ugonjwa ambao chembe za mwili huanza kukua ovyo na kula sehemu zenye afya. Yake ilikuwa bado ndogo, haijatoka pale ilipoanzia.

"Tukitoa kizazi chote wiki hii, nina matumaini makubwa," alisema. "Ungechelewa miezi mingine sita, nisingekuwa na la kukuambia."

Akwero alidhani mama atafurahi. Mama aliweka mikono yote miwili tumboni.

"Mkikitoa, sitazaa tena?"

"Hutazaa tena."

"Mume wangu alitaka mtoto wa pili. Tulikuwa tumekwisha mchagulia jina." Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Akirudi nitamwambia nini?"

Hapo daktari alitazama dirishani. Alum naye aliinama kupanga karatasi zilizokuwa zimekwisha pangwa. Wote walijua kuhusu magari yale, na hakuna aliyetaka kuwa mtu wa kusema. Kwa mama, kukubali kisu kulikuwa sawa na kukubali kwamba Tarcisio hatarudi, na kwa miaka mitatu alikuwa amekataa.

Ni Jaja aliyemshika mkono.

"Santa," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. "Akirudi, akukute. Hayo mengine mtazungumza."

Mama alimtazama Akwero muda mrefu. Kisha akaitikia kwa kichwa.

Upasuaji ulifanyika siku ya Alhamisi. Akwero alikaa kwenye benchi la korido tangu asubuhi hadi saa tisa. Alum alipotoka na kumwambia kwamba mama amefungua macho na ameomba maji, Akwero alikimbia kutafuta kikombe.

Mama alilazwa wiki tatu. Kitanda cha jirani alilala mwanamke aitwaye Loice, mwenyeji wa Kenya, aliyekuja Kampala kuuza samaki wakavu. Alikuwa mcheshi. Alimsuka Akwero nywele akiwa ameegemea mto, akimtania kwamba kichwa chake kina pembe. Lakini kila siku mikono yake ilichoka mapema zaidi, na siku moja aliiacha sehemu ya nyuma bila kuisuka.

"Wewe unaumwa nini, mama?" Akwero alimwuliza.

"Anachoumwa mama yako. Ila mimi nilikiona miaka miwili iliyopita."

"Kwa nini hukuja?"

Loice alinyoosha ukosi wa gauni lake. "Niliona aibu. Nilisikia kwamba daktari ni mwanamume, na kwamba utavua nguo. Nikasema mimi, mama wa watoto wanne, nivue nguo mbele ya kijana?" Alicheka kidogo, kicheko kikamletea maumivu. "Sasa wameshaniona madaktari wote wa hospitali hii, na hakuna anayeweza kufanya kitu. Aibu yenyewe haikuwa kubwa, mwanangu. Ilikuwa ya dakika tano tu."

Jumatatu iliyofuata Akwero alikuta kitanda kile kimetandikwa shuka safi. Alikwenda nje, akakaa ukutani, na hakufungua nywele zile mpaka zilipofunguka zenyewe.

Mama alirudi nyumbani akitembea polepole, Jaja upande mmoja na Akwero upande wa pili. Kila mwaka alirudi hospitali kupimwa, na kila mwaka kitabu kilisema kwamba Maimunah Dawudi wa Bukoto hana saratani. Jaja aliipokea habari hiyo kwa fahari kubwa, akasema hajawahi kuwa na afya nzuri kama hiyo.

Mwezi wa nne mwaka 1979 serikali ya kijeshi ilianguka. Watu walitoka barabarani. Milango ya magereza ilifunguliwa, na kwa siku kumi mama na Akwero walisimama nje ya kila geti waliloambiwa, wakitazama nyuso za waliotoka. Wengine walikuwa wamekonda hata ndugu zao hawakuwatambua, kwa hiyo mama alimtazama kila mmoja, mpaka wa mwisho. Tarcisio hakuwamo.

Siku ya kumi na moja Alum alimwona mama akiingia korido ya hospitali akiwa ameinua kichwa. Akwero alikuwa pamoja naye, msichana wa miaka kumi na sita sasa. Kwenye benchi walikaa wanawake wapatao ishirini.

"Nimekuja kusahihisha kitabu," mama alisema.

Alum alilitafuta daftari la zamani, akalifuta vumbi, akafungua ukurasa. Alipiga mstari juu ya jina lililokuwapo.

"Jina?" aliuliza, ingawa alilijua.

"Santa Komakech." Sauti ilifika mpaka benchi la nyuma.

"Mume?"

"Tarcisio Komakech. Askari polisi."

"Yuko wapi?"

Kalamu ilingoja. Mama alitazama nafasi tupu kwenye ukurasa.

"Sijui, sista," alisema. "Nilitaka akirudi anikute. Mimi nipo. Yeye ndiye hajafika."

Alum aliandika, na machozi yakamdondokea mkononi, akayaacha. Kisha akamgeukia Akwero, lakini aliongea kwa sauti ya kuwafikia wanawake wote waliokuwa wakingoja.

"Binti, siku ile ulimvunjia mama yako siri. Ulifikiri umekosa?"

"Nilifikiri, sista."

"Hukukosa. Katika nchi hii tumejifunza kunyamaza ili tuishi, na wengi tumeokoka kwa kunyamaza. Lakini huu ni ugonjwa unaopenda kimya. Ukiuficha kwa hofu, unakua. Ukiuficha kwa aibu, unakua. Mwanamke akiona damu isiyo ya siku zake, au maumivu asiyoyajua, asingoje mwaka, asingoje mwezi. Aje siku hizo hizo, na aseme kweli. Loice, aliyelala kitanda cha jirani na mama huyu, alikuwa na ugonjwa huu huu, na kisu chetu ni hiki hiki. Kilichowatenganisha ni muda tu."

Mwanamke mmoja mwishoni mwa benchi, aliyekuwa ameweka mfuko wake mapajani tayari kuondoka, aliuweka tena chini.

Asubuhi iliyofuata Akwero aliamka akasikia harufu ambayo hakuisikia kwa miaka mingi. Mama alikuwa ametia ukwaju kwenye uji. Picha ya baba ilikuwa imesimamishwa juu ya sanduku, na mama alikuwa amekwisha lia, kwa maana macho yake yalikuwa mekundu. Alishika kikombe kwa mikono miwili.

"Jina lako nani?"

"Akwero."

"Baba yako nani?"

"Tarcisio Komakech."

Swali la tatu lilichelewa. Akwero alidhani mama atauliza yuko wapi.

"Kuna kitu mwilini mwako kinachokusumbua?"

"Hakuna, mama."

"Kikiwapo?"

"Nitakuambia siku hiyo hiyo."

Mama akampa kikombe.